Nani Kaizika Sepultura? Uhakiki wa Bendi Iliyobadilisha Sauti

Ukitaka kuvuruga kijiwe cha wapenda hevi metali bila kurusha ngumi hata moja, uliza swali hili tu: Sepultura ilikufa au haikufa? Ukishauliza, kaa pembeni. Wapo watakaokwambia ilikufa usiku wa tarehe 16 Desemba 1996, mjini London, kwenye ukumbi wa Brixton Academy, na kwamba kilichofuata ni jina tu linalotembea. Wapo watakaokujibu kwamba hao wanaolia mpaka leo ni watu waliokwama, kwamba bendi ilipata mwimbaji mwenye kifua kikubwa zaidi na ikaendelea na kazi. Wote wanapiga meza, wote wana uhakika.

Nimeusikiliza ubishi huu kwa muda mrefu, na kinachonikera ni kwamba watu wanabishana sana juu ya majina na kidogo sana juu ya nyimbo. Huyu anamtetea Max Cavalera, yule anamtetea Derrick Green, na albamu zenyewe zimekaa kimya kama mashahidi ambao hakimu hajawaita. Kwa hiyo nimeamua kufanya kile tulichofundishwa darasani kwenye kipindi cha fasihi: kuichukua kazi, kuiweka mezani, kuuliza fani yake ikoje na maudhui yake yakoje, kisha kusema msanii amefaulu wapi na amechemsha wapi. Mimi si mwanamuziki. Nimeishia kidato cha nne na nina mswada wa riwaya ambao bado unanisumbua. Lakini naamini ubishi huu unamhusu mwandishi kijana kuliko anavyodhani, na sababu nitaitoa mbele ya safari.

Kisa chenyewe

Kwa wale wasioifahamu, Sepultura ni neno la Kireno, maana yake kaburi. Bendi ilianzishwa mwaka 1984 mjini Belo Horizonte, jimbo la Minas Gerais, nchini Brazil, na ndugu wawili wa tumbo moja, Max na Igor Cavalera. Hakuna kati yao aliyekuwa amefikisha miaka 16. Utawala wa kijeshi, ulioikalia nchi hiyo tangu 1964, ulikuwa unaelekea ukingoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau. Mwimbaji wa mwanzo wa Sepultura hakuwa Max. Alikuwa Wagner Lamounier, ambaye aliondoka mwaka 1985 na baadaye akajulikana na bendi nyingine iliyoitwa Sarcófago. Ndipo Max, aliyekuwa mpiga gitaa, akaishika maikrofoni. Mwaka 1987 akaondoka mpiga gitaa mwingine, Jairo Guedz, nafasi yake ikachukuliwa na Andreas Kisser, kijana kutoka eneo la São Paulo. Hapo ndipo ikakamilika ile safu ambayo watu huiita ya kweli: Max sauti na gitaa, Andreas gitaa, Paulo Jr. besi, Igor drams.

Safu hiyo ilitoa Schizophrenia mwaka 1987, Beneath the Remains mwaka 1989, Arise mwaka 1991, Chaos A.D. mwaka 1993 na Roots mwanzoni mwa 1996. Kwa miaka tisa hawakurudi nyuma hata hatua moja.

Kisha mwaka 1996 ukawageuka. Mwezi Agosti, Dana Wells, mtoto wa kambo wa Max, alifariki katika ajali ya gari huko Marekani. Mwezi huohuo bendi ilikuwa na onyesho kubwa Donington, Uingereza. Max alikimbia msibani, wenzake watatu wakapanda jukwaani bila yeye, Andreas akaimba. Mama wa marehemu, Gloria, alikuwa mke wa Max na pia meneja wa bendi. Mkataba wake ulipofika mwisho, wale watatu hawakutaka kuendelea naye. Wakalisema hilo Desemba, London, baada ya lile onyesho la Brixton. Max akaondoka.

Mwezi Aprili 1998 Max akatoa albamu ya kwanza ya bendi yake mpya, Soulfly. Oktoba mwaka huohuo Sepultura ikatoa Against, mwimbaji akiwa Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland, Ohio. Tangu hapo kijiwe kikagawanyika. Wa upande mmoja nitawaita Wamaksi, na wale waliosoma siasa wanisamehe. Wa upande wa pili nitawaita Waderiki.

Fani: sauti

Wamaksi wanaanza na sauti, basi na sisi tuanze hapo.

Sauti ya Max si nzuri kwa maana ya kwaya. Ni sauti ya mtu anayepiga kelele kwenye mkutano wa hadhara ambao kipaza sauti kimeharibika. Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa, na badala ya kulificha hilo alilifanya silaha: maneno machache, mafupi, mengi yakiwa ya kuamuru, yakitua moja kwa moja juu ya pigo la drams. Ukisikiliza Chaos A.D. utaona sentensi zake ni kama zile zinazoandikwa ukutani usiku na mtu ambaye ana dakika mbili kabla ya polisi kupita. Kila mtu anaweza kuziimba, hata asiyejua Kiingereza. Huo ni ufundi, na kazi ya kukata maneno mpaka yabaki manne sisi waandishi tunajua ilivyo ngumu.

Derrick ana kifua kizito zaidi na pumzi ndefu. Anaweza kunguruma, na anaweza pia kuimba kwa utulivu. Atakayebisha asikilize wimbo unaofungua albamu ya Machine Messiah ya mwaka 2017, ambao unaanza polepole, sauti yake ikiwa wazi kabisa, bila kukwaruza. Max hakuwahi kufanya hivyo akiwa Sepultura, wala hakuhitaji.

Kwa hiyo tuna waimbaji wawili wenye vipaji tofauti. Tatizo la Against, kwa sikio langu, ni kwamba Derrick alipewa nguo iliyoshonewa mtu mwingine. Nyimbo nyingi za humo zimejengwa kwa ajili ya mtu wa maneno mafupi ya kuamuru. Derrick anayatoa kwa nguvu zote, lakini unamsikia mtu anayefanya kazi ya mwenzake. Mwigizaji mzuri ukimpa maneno ya mhusika aliyekwishakufa, watazamaji watamkumbuka marehemu hata kama mwigizaji huyo hajakosea neno hata moja. Wamaksi waliisikia kasoro hiyo, na hapo masikio yao hayakuwadanganya. Walipokosea ni kumtupia lawama mwimbaji, wakati lawama ilikuwa ya watunzi.

Fani: nyuzi nne

Hapa nawaomba Wamaksi na Waderiki wote watulie, maana wamepitiwa na jambo.

Max alipotoka, hakutoka mwimbaji peke yake. Alitoka mpiga gitaa. Tena si mpiga gitaa wa kawaida: gitaa lake lina nyuzi nne badala ya sita, zile mbili nyembamba kaziondoa, kwa kuwa yeye hahitaji mbwembwe za juu, anataka uzito wa chini. Kazi yake ilikuwa kujenga ukuta. Andreas alikuwa fundi wa kupamba ukuta huo, kuupaka rangi, kupenyeza sauti za ajabu ajabu juu yake. Sepultura haikuajiri mpiga gitaa mwingine. Kuanzia 1998 Andreas alibaki peke yake, ajenge ukuta na aupake rangi.

Studioni unaweza kurekodi gitaa mara mbili ukaficha pengo. Jukwaani huwezi. Andreas akianza kupiga solo, nyuma yake anabaki Paulo na besi yake. Kwa hiyo yule shabiki aliyerudi nyumbani baada ya onyesho akisema “kuna kitu kimepungua, huyu Derrick hafai”, sikio lake lilisikia vizuri, ila kidole kilimwelekea mtu asiye na hatia. Kilichopungua kilikuwa nyuzi nne. Nashangaa watu wanabishana miaka yote hii na sikumbuki kumsikia yeyote kijiweni akilitaja hili. Mwimbaji anaonekana, yuko mbele, ana nywele, ana jina. Gitaa la pili husikika tu likikosekana.

Fani: drams

Na hapa ndipo nataka kutoa hoja yangu kubwa, ambayo najua itanitafutia maadui pande zote mbili. Mabadiliko makubwa zaidi ya Sepultura hayakutokea 1996. Yalitokea 2006, Igor Cavalera alipoondoka.

Fuatilia kazi zao kwa mpangilio. Katika Beneath the Remains Igor anapiga haraka na kwa usafi, lakini bado anapiga kama mwanafunzi bora wa shule ya Wamarekani. Katika Arise unaanza kusikia kitu kingine kinachungulia. Katika Chaos A.D. anapunguza mwendo, anashuka kwenye ngoma kubwa, na Brazil inaingia mlangoni. Albamu hiyo inafunguliwa na mapigo ya moyo ya mtoto wa Max, Zyon, yaliyorekodiwa akiwa bado tumboni mwa mama yake; kutoka kwenye moyo huo zinaingia drams za Igor. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya kumwambia msikilizaji kwamba hapa anayeongoza ni mdundo. Zyon huyohuyo alikua akaja kuwa mpiga drams wa Soulfly.

Katika Roots wakaenda mbali zaidi. Walimwalika Carlinhos Brown, mpiga ngoma maarufu wa Salvador, Bahia, ule mji ambao ngoma zake zilivuka bahari kwenye meli za watumwa. Wakaenda pia katika kijiji cha Wenyeji wa Xavante, jimbo la Mato Grosso, wakarekodi pamoja nao. Kwa sisi wa huku ni rahisi kuisikia albamu hiyo kwa mwili kabla ya kuisikia kwa akili, na haina ajabu: Waafrika wengi waliopelekwa Brazil walitoka Kongo na Angola, wengine Msumbiji, na watu hawaendi utumwani wakaacha mapigo yao ufukweni.

Max alipoondoka, mdundo huo ulibaki, kwa sababu Igor alibaki. Sikiliza Against, Nation ya 2001, Roorback ya 2003, hata Dante XXI ya 2006: nyimbo zinaweza kuyumba, lakini chini yake kuna mtu yuleyule anayetembea kwa hatua zake. Alipoondoka yeye, wakaja wapiga drams wengine, Jean Dolabella kisha Eloy Casagrande, na huyu Eloy ni hatari, mikono yake haionekani. Lakini ni drams za mtu mwingine kabisa. Kwa mara ya kwanza bendi ikawa haina Cavalera hata mmoja.

Sasa niambie, makelele ya 2006 yalikuwa nusu ya yale ya 1996? Wapi! Mwimbaji akiondoka watu wanatangaza msiba. Mpiga drams akiondoka wanauliza nani kachukua nafasi yake. Mashabiki walikwisha kumaliza machozi yao miaka kumi nyuma, kwenye msiba usio wenyewe.

Maudhui: kutoka barabarani kwenda kabatini

Tukija kwenye maudhui, hapa Waderiki wajiandae, maana hapa siwaungi mkono sana.

Chaos A.D. ni albamu yenye macho. Kuna wimbo uitwao Manifest, unaosimulia mauaji ya gereza la Carandiru mjini São Paulo, ambako tarehe 2 Oktoba 1992 wafungwa 111 waliuawa polisi walipoingia kuzima ghasia. Umetungwa kama taarifa ya habari, sauti ikisoma tukio, na hiyo ndiyo nguvu yake: haulii, unaripoti. Kuna kipande kisicho na maneno kiitwacho Kaiowas, kilichopewa jina la Wenyeji ambao ardhi yao ilikuwa ikinyang'anywa. Jambo lilitokea nchini mwao, wakalitazama, wakalipigia muziki.

Baada ya Max, Sepultura ilihamia kabatini. Dante XXI imejengwa juu ya Vichekesho vya Kimungu vya Dante, kutoka Jehanamu, kupita Toharani, mpaka Peponi. A-Lex ya mwaka 2009 imejengwa juu ya riwaya ya A Clockwork Orange ya Anthony Burgess. Mhusika mkuu anaitwa Alex, na jina la albamu linachezea jina lake na neno la Kilatini lenye maana ya kukosa sheria. Albamu ya 2013 ilichukua jina lake refu kutoka kwenye sinema ya kale ya Kijerumani, Metropolis.

Sisi wapenda vitabu tunapaswa kufurahi, sivyo? Bendi ya hevi metali inasoma Dante! Mimi nilifurahi kwa wiki moja. Baadaye nikaanza kujiuliza mbona yale mauaji ya gerezani yananikaa kichwani na Jehanamu ya Dante hainikai. Jibu nililopata ni kwamba katika kazi hizi kitabu kinatumika kama kiunzi. Kinakupa mpangilio wa nyimbo, kinakupa picha ya jalada, kinakupa la kusema mbele ya waandishi wa habari. Lakini hakikupi jicho. Ukimwondoa Dante, nyimbo kadhaa za humo zingeweza kuhusu hasira yoyote ya mtu yeyote. Ukiiondoa Carandiru, Manifest haipo.

Hata hivyo, tusiwape Wamaksi ushindi wa bure. Maneno ya wimbo wa Biotech Is Godzilla, humohumo kwenye Chaos A.D., hayakuandikwa na Max. Yaliandikwa na Mmarekani Jello Biafra. Kwa hiyo ile hadithi ya kwamba kila neno la zamani lilitoka tumboni mwa Max ni hadithi tu. Lile jicho lilikuwa la watu wanne na marafiki zao.

Uasili, na lile lisilosemwa

Hoja ya mwisho ya Wamaksi ni kwamba bendi ilipoteza uasili. “Utamchukuaje Mmarekani aimbe Sepultura? Sepultura ni Brazil!” Hoja hii ina mvuto, lakini ukiigusa inabomoka.

Kaiowas, kile kipande cha Wenyeji wa Brazil, kilirekodiwa ndani ya ngome ya kale ya Chepstow, huko Wales. Roots, albamu ya mizizi, ile ambayo jalada lake lina sura ya Mwenyeji iliyotoka kwenye noti ya zamani ya Brazil, sehemu kubwa ilirekodiwa Malibu, California, na wakati huo Max alikuwa mkazi wa Phoenix, Arizona. Derrick Green kwa upande wake alihamia São Paulo, akakaa huko miaka mingi, akajifunza Kireno. Sasa kwa kipimo cha anwani, nani Mbrazil hapo?

Simaanishi kwamba mahali hapana maana. Namaanisha kwamba uasili hauko kwenye pasipoti ya mwimbaji. Uko kwenye kile mtu anachokiangalia anapotunga, na Max aliiangalia Brazil akiwa Arizona vizuri kuliko bendi nzima ilivyoiangalia ikiwa São Paulo wakati wa A-Lex.

Na lipo jambo jingine ambalo linasemwa kwa kuzunguka. Hevi metali ni muziki ambao mbele ya jukwaa na juu ya jukwaa umezoea nyuso nyeupe. Anapotokea mtu mweusi mrefu mwenye rasta akasimama katikati, wapo waliosema “hafanani na Sepultura” kabla hajafungua mdomo. Hafanani na nini? Bendi inayotoka nchi yenye mamilioni ya watu wenye asili ya Afrika, iliyojipatia sifa zake kubwa kwa ngoma za Bahia, mtu mweusi hafanani nayo? Sidai kwamba kila anayempenda Max ni mbaguzi; wengi ni watu wa sikio tu, na nimeshasema sikio lao lilisikia kitu cha kweli. Lakini anayetoa hukumu kwa macho asijifanye ametumia masikio.

Kufaulu na kuchemsha

Niseme sasa bila kuzunguka.

Against ni kazi ya watu waliofiwa ambao bado hawajapanga upya vyumba. Kuna wimbo ndani yake uitwao Kamaitachi, waliofanya na kundi la ngoma la Kodo kutoka Japani. Ni mzuri, lakini umesimama peke yake kama mgeni sebuleni, wakati Carlinhos Brown katika Roots aliingia mpaka jikoni. Nation na Roorback zina nyimbo nzuri za kuokota. Dante XXI ni bora kuliko wanavyosema Wamaksi, na ni pungufu kuliko wanavyosema Waderiki. A-Lex, kwangu mimi, ni kuchemsha.

Kisha inakuja Quadra ya mwaka 2020, ambayo naiita bab kubwa bila aibu. Nyimbo 12, zimegawanywa katika makundi manne ya nyimbo tatu tatu. Kundi la kwanza ni la mwendo kasi kama enzi za mwanzo. La pili linarudi kwenye ngoma. La tatu lina magitaa ya kuzunguka-zunguka. La nne linapunguza mwendo, linaimbwa kwa utulivu, na mwishoni kabisa anaingia mwanamama, Emmily Barreto, akiimba pamoja na Derrick. Ilichukua miaka 22 kutoka Against mpaka hapo. Na kilichobadilika si koo la Derrick. Kilichobadilika ni kwamba watunzi waliacha kumshonea nguo ya Max. Walimpima upya, wakamshonea ya kwake.

Linganisha na upande wa pili. Soulfly imebadilisha watu kila mara. Aliyebaki tangu mwanzo ni Max peke yake, na hakuna anayesema Soulfly imekufa, kwa sababu sauti ni ileile. Mwaka 2008 Max na Igor, wakiwa wamepatana, walitoa albamu pamoja kwa jina la Cavalera Conspiracy. Mwaka 2023 wakarekodi upya kazi zao za utotoni, Bestial Devastation na Morbid Visions. Yaani wenye damu wakarudi kwenye kaburi la zamani kulifagia, na wenye jina wakaendelea kutunga vitu vipya. Ukiniuliza nani kati yao mrithi, nitakujibu kwamba inategemea unataka urithi ufanyiwe nini.

Desemba 2023 Sepultura ilitangaza ziara ya kuaga, ili ijifunge yenyewe kwa hiari yake, na ziara ikaanzia Belo Horizonte Machi 2024. Siku chache kabla ya kuanza, Eloy Casagrande akaondoka kwenda Slipknot, akaletwa kijana wa Kimarekani, Greyson Nekrutman. Hata kwenye kuaga, safu ilibadilika! Na bado watu walijaza kumbi.

Tunahusikaje sisi?

Niliahidi sababu, hii hapa.

Kila kijana anayeandika Kiswahili leo ni Derrick Green. Unapeleka hadithi yako kwa mtu, anaisoma kurasa mbili, anakwambia: “Ah, Shaaban Robert hakuandika hivi.” Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Unajaribu riwaya, unaambiwa Kezilahabi alikwisha maliza kila kitu. Naye alifariki mwaka 2020, Mungu amrehemu. Wanaosema hivyo si waongo. Wazee wale walikuwa na sauti, na sisi tumeikuta maikrofoni bado ina joto la mikono yao.

Kosa ni kuvaa nguo zao. Ninaona miswada mingi ya vijana wenzangu, na mingi ni Against: nguvu zipo, pumzi ipo, lakini sentensi zimekatwa kwa kipimo cha marehemu. Au ni A-Lex: mtu amesoma kitabu kikubwa, amekifanya kiunzi, na mtaa anaokaa haumo. Mwenye kutafuta sauti yake aanze na jicho kama lile lililotazama Carandiru, halafu ajipime upya, hata kama kazi hiyo itamchukua miaka 22. Na ajue kwamba hukumu ya wasomaji itaangukia kwenye sauti, kwa sababu ndiyo inayosimama mbele, wakati pengine kinachopwaya ni nyuzi nne nyuma yake, au mdundo wa sentensi ambao hakuna atakayeutaja kwa jina.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kichwa cha makala ni hili. Max hakuizika Sepultura, Derrick hakuizika, na mashabiki wamejaribu wakashindwa. Bendi ilipoteza gitaa la pili mwaka 1996, ikapoteza moyo wake wa zamani mwaka 2006, na mwaka 2020 ikaonyesha kwamba ilikuwa imeota mwingine.

Anayepinga asinifuate mtaani. Asikilize kwanza Manifest, kisha Kamaitachi, kisha wimbo wa mwisho wa Quadra, kwa mpangilio huo, halafu achukue kalamu. Mhariri ana nafasi, na mimi nina hamu ya kusoma.